Vita vya Osukuku Ndani ya Kontena la Vitunguu

Sogeeni, enyi watu wa mpakani, mpate kusikia. Wewe unayechoma mahindi, geuza hindi lako kisha utege sikio. Wewe dereva uliyelala chini ya trela ukingoja foleni isonge, toa kichwa. Na wewe mama mwenye mtoto mgongoni, mtikise polepole asije akalia katikati ya habari. Maana leo inasimuliwa habari ya Osukuku, Simba wa Malaba, Mpasua Foleni, Mfungua Mageti, aliyeingia ndani ya kontena kwa miguu yake mwenyewe na akatoka akiwa hai. Wapo waliovuka maziwa na wapo waliopigana na majeshi. Hao tuwaache. Hawakuwahi kuingia kontena la Akwii.

Akwii alikuwa binti yake. Alikuwa amemaliza chuo Kisumu, akarudi Malaba na wazo ambalo halikuwahi kuonekana pande hizi: chumba cha kutoroka. Wachezaji huingia watatu au zaidi, mlango hufungwa, na humo ndani hukuta mafumbo, moja likiwa limeshika mkono wa jingine, hadi waipate kengele iliyofichwa na kuipiga kabla saa moja haijaisha. Mama Roselida, mwenye uwanja wa kuegeshea malori, alimpa kontena kuukuu lililokuwa ghala la vitunguu. Akwii alilisugua kwa sabuni, akalipaka rangi, akatundika mapazia meusi, akaandika mlangoni TOKA UKIWEZA, kisha akaketi kwenye kiti cha plastiki kungoja wateja.

Wateja hawakuja. Mama Roselida, ambaye ni mwema lakini si malaika, alimwambia: Jumamosi ikipita bila mtu kuingia, vitunguu vinarudi.

Na kwa nini hawakuja? Hapa ndipo msimulizi wa habari za mashujaa huombewa nguvu, kwa sababu adui aliyefunga njia alikuwa shujaa mwenyewe.

Osukuku alikuwa wakala wa forodha, mtu wa kuwashughulikia wenye malori mpaka mizigo yao ivuke kwenda Uganda. Sauti yake ilisikika hadi ng'ambo bila pasipoti. Maafisa walimkwepa, madereva walimwamkia kwa mikono miwili. Lakini kifua hicho kipana kilikuwa na woga mmoja: Osukuku hakuweza kukaa mahali palipofungwa. Hata chooni hakuweka komeo. Aliacha mlango wazi kidogo na kuimba nyimbo za Kwaresma kwa sauti kubwa ili mtu asije akausukuma, na aliziimba hata siku ya Krismasi. Wageni walidhani ni ucha Mungu.

Basi siku moja, kwenye banda la chai la Wilkister, aliulizwa mbele za watu, "Mzee, umeshaingia kwa mtoto wako?" Simba wa Malaba akaweka kikombe chini, akanena:

"Kontena ni chuma. Chuma hakipumui. Mkiingia watu wanne, hewa ya watu wanne iko wapi?"

Alisema hivyo ili kujiokoa, akamaliza chai yake. Lakini neno likishatoka kwa Wilkister halihitaji bodaboda. Lilipofika Amukura, watu wawili walikuwa wamezimia ndani ya kontena. Lilipofika Mundika, walikuwa wameshazikwa. Lilipofika Osieko, huko ziwani, wavuvi walikuwa wanajua hata jina la nyoka aliyewauma humo ndani. Wengine walisema kuna giza la kishetani. Wengine walisema unaingilia Malaba unatokea Kampala. Na wale waliosoma sana walisema wangependa kwenda, ila hawana muda.

Ijumaa jioni Akwii hakugusa chakula. Alikuwa ameshashusha pazia moja na kulikunja. Mama yake, Petronilla, muuza vitenge, mwanamke asiyezunguka maneno, alimtazama, kisha akamgeukia shujaa.

"Baba Akwii. Hiyo maneno ya hewa ilitoka kwa mdomo ya nani?"

"Maneno husemwa na watu," akajibu Osukuku, akiutazama ukuta.

"Ilisemwa na wewe. Wilkister ameniambia, na hata kikombe ulichokuwa umeshika ameniambia. Kesho utaingia. Mchana, watu wakiona."

Ndipo Osukuku akasimama, akanyoosha mkono wa kuume na kunena: "Petronilla! Mimi niliyesimama mbele ya geti mvua ikininyeshea na jua likinichoma! Mimi niliyewatuliza madereva wa mataifa matano waliokuwa tayari kutwangana! Leo nifungwe ndani ya sanduku kama sabuni?"

"Ukimaliza, pangusa meza," akasema Petronilla.

Akapangusa. Usiku kucha alisikika akigeuka kitandani kama trela linalotafuta pa kuegesha.

Jumamosi ikachomoza, na jua halikujificha ingawa Osukuku aliliomba. Uwanja ulijaa. Wilkister alihamisha jiko lake zima ili asikose kitu. Mama Roselida alifika na mkokoteni wa vitunguu, akauegesha kando kwa adabu. Na kutoka Busia akaja Oduori, wakala mwenzake Osukuku na hasimu wake wa miaka mingi, viatu vikimeta, tai shingoni, akaegemea lori apate kuona vizuri.

"Boss," akaita Oduori, "nimeleta maua. Niyaweke hapa ama ningoje?"

Umati ukaangua kicheko. Lakini Petronilla akahesabu kwa macho. Mchezo ulitaka watu watatu, na walikuwa wawili, yeye na mumewe.

"Wewe unayecheka, ingia na sisi."

"Mimi, mama? Nimevaa nguo nzuri."

"Kontena limepigwa deki. Ingia."

Kicheko kikamhamia Oduori, na tai yake ikaonekana kumbana ghafla. Akaingia kwenye safu.

Akwii akasimama mlangoni kueleza masharti. Alisema mlango haufungwi kwa kufuli wala komeo. Hurudishwa tu, na anayetaka kutoka husukuma, akatoka, hakuna atakayemuuliza. Alisema wakikwama waombe dokezo kwenye redio ndogo. Alieleza vizuri, na Petronilla alisikia kila neno. Osukuku hakusikia hata moja, kwa kuwa wakati huo alikuwa analihutubia taifa.

"Watu wa Malaba! Nisiporudi, koti langu la harusi apewe Okwi, ndugu yangu mdogo, ingawa mabega hatayajaza! Msiache foleni ivunjike! Na mseme kwamba sikusukumwa!"

Petronilla akamsukuma.

Mlango ukarudi mahali pake kwa sauti ndogo tu, kama ya friji. Masikioni mwa Osukuku ilikuwa ngurumo ya malango ya kuzimu. Ndani kulikuwa na taa moja ya manjano, kuta zilizochorwa barabara na malori, masanduku, madumu, na harufu ya vitunguu ambayo sabuni yote ya Akwii haikuweza kuifukuza. Shujaa akaushika ukuta.

"Hewa," akanong'ona. "Inapungua. Naisikia ikienda."

"Feni hizo hapo juu, mbili," akasema Petronilla bila kuinua kichwa. "Zinakupepea hadi kola inaruka. Njoo usome hii."

Fumbo la kwanza lilikuwa vibao vya miji: Mombasa, Nairobi, Malaba, Kampala, Kigali. Kilichotakiwa ni kuvipanga kama lori linavyosafiri. Mtoto wa nasari wa Malaba angevipanga huku akila andazi. Lakini hapa walikuwapo mabingwa wawili wa barabara, na vita vikazuka. Oduori alisema lori lenye akili halipiti Malaba, hupitia Busia. Osukuku akasahau hewa kabisa, akaiita Busia kichochoro cha wachuuzi wa samaki. Oduori akaiita Malaba choo cha matrela. Walipokuwa wanatajiana babu zao, Petronilla alivipanga vibao, droo ikafunguka, akatoa tochi, akaendelea na fumbo la pili peke yake.

Kisha, kama Akwii alivyotega, taa ikafifia, na gunia likaanguka kutoka juu ya rafu. Puu! Oduori, Chui wa Busia, aliruka na kukumbatia mkoba wa Petronilla, akaushika kama mtu aliyemwona marehemu shangazi yake. Osukuku akafumba macho na kufanya jambo pekee alilolijua mahali pa namna hiyo: aliimba wimbo wa Kwaresma. Oduori, ambaye ni Mwanglikana na hata hakuujua, akaingia na besi.

Huko nje umati ulisikia nyimbo za huzuni zikitoka ndani ya chuma. Wanaume wakavua kofia. Wilkister akapunguza moto.

Ubeti wa tatu ulipoisha, na hakuna mlango uliokuwa umefunguka wenyewe, moyo wa Osukuku ulikatika kamba. Akarudi nyuma hatua, akainamisha bega kama fahali, akaushambulia mlango kwa nguvu zote za ukoo wake. Mlango, ambao hata kuku angeufungua, ulimpisha. Simba wa Malaba akapaa, akapita juu ya kiti cha plastiki, akatua kwa magoti uwanjani mbele ya mataifa yote.

Kisha Wilkister akauliza, "Amefufuka ama ndio anaanza?"

Hapo watu walicheka hadi malori yakapiga honi bila kujua sababu. Osukuku akautazama mlango ukicheza na upepo. Haukuwa na kufuli. Haukuwa na komeo. Alikuwa amepigana na kitu ambacho hakikumshika.

Akwii peke yake hakucheka. Alikuwa amesimama na simu mkononi, saa ikihesabu, na nyuma yake Mama Roselida alikuwa ameshaanza kulegeza kamba ya mkokoteni. Binti akainama, akamfuta baba yake vumbi gotini.

"Si lazima urudi, Papa," akasema polepole. "Umejaribu. Nitawaambia umejaribu."

Shujaa aliwahi kutukanwa kwa lugha saba na hakuna tusi lililomwingia kama huruma hiyo. Akasimama. Jasho lilikuwa limemfikia kwenye mkanda. Safari hii hakutoa hotuba. Akapanda ngazi, akaingia.

"Rudisha mlango, unaleta mwanga," akasema Petronilla kutoka ndani.

Naye Osukuku akanyoosha mkono, akaurudisha mlango mwenyewe.

Waliobaki nje wanasema hapo ndipo aliposhinda vita, lakini hawakuwa ndani. Ndani, Petronilla alikuwa amefika kwenye sanduku la mwisho, lile lenye kengele. Lilifungwa kwa muhuri wa plastiki wenye namba, sawasawa na ule unaofungwa mlangoni mwa kontena la mzigo, na koleo lilikuwa limewekwa pembeni. Kilichobaki ni kukata.

"Usiguse!" Osukuku akanguruma, sauti yake ikiwa imerudi yote. "Muhuri haukatwi bila afisa wa forodha kuwepo!"

"Hapo mzee amesema kweli," akasema Oduori, akiuachia mkoba kwa mara ya kwanza. "Hiyo ni kesi. Mimi sikuona kitu, sikuwa hapa."

Maadui wa miaka mingi wakasimama bega kwa bega kuilinda sheria. Osukuku akaishika redio. "Halo! Letee sisi afisa!"

"Papa, ni mchezo," ikajibu sauti ya Akwii. "Kata tu."

"Mzigo hauna mchezo! Nipe msimamizi wako tuongee vizuri."

"Msimamizi ni mimi."

"Basi mkubwa wako."

"Mkubwa wangu ni Mama. Uko naye hapo."

Osukuku akageuka. Petronilla alikuwa amekunja mikono.

"Mimi ndiye afisa," akasema. "Kata."

"Kwa mamlaka gani?"

"Jaribu kula leo jioni, utaijua."

Akafumba macho akakata. Muhuri ukalia tak. Hakuna king'ora kilicholia, hakuna pingu zilizokuja. Akaitoa kengele, akaipiga hadi mpini ukalegea.

Alitoka machozi yakimtiririka, akawatangazia watu wote kwamba ni vitunguu. Akainua kengele juu. "Nimeingia! Nimetoka! Nimeingia tena! Hewa ipo, tele, na ina feni mbili! Nani alisema haipo?"

Watu waliangalia chini kwa heshima. Akwii akaandika mlangoni kwa chaki: OSUKUKU NA WENZAKE. Mbele yake akaandika muda, na ulikuwa dakika moja tu kabla ya saa kwisha.

Derrick, fundi wa matairi, akausoma kwa sauti. "Akwii, huu muda ni mzuri ama ni mbaya?"

"Wenzangu wa chuo, nilipowapa mafumbo haya kule Kisumu, walitumia nusu."

Umati ukalitafakari jambo hilo. Ukaonekana mwanga ukipita uso hadi uso, kwa maana kila mmoja alikuwa amebeba woga mmoja ambao hakuwa ameutaja, mkubwa kuliko giza na nyoka: kuonekana mjinga mbele ya majirani. Na sasa nafasi hiyo ilikuwa imeshachukuliwa.

"Huyo hata nyanya yangu anampita," akasema Derrick, akavua aproni. "Niandike mimi."

Wakafuata madereva. Wakafuata wale waliosoma, ambao ghafla walipata muda. Wilkister akamwachia mteja birika. Mama Roselida aliitazama foleni, akavitazama vitunguu vyake, kisha akaifunga tena kamba ya mkokoteni na kumuuliza mtu wa mwisho, "Nyuma yako kuna mtu?"

Naye Osukuku akapita kando ya foleni akiwashika mabega mmoja mmoja, akiwaambia wasiogope, kwamba yeye amewafungulia njia. Petronilla alifungua kinywa amwambie ukweli. Akamwona Akwii anavyokimbia na chaki, akakifunga.

Enyi mliosikia, nendeni mkatazame wenyewe. Jina lake lingali mlangoni, chini kabisa ya majina yote, ambayo hupangwa kwa muda. Wameingia watu kutoka Tororo na kutoka Bungoma, wameingia hata wazee wa kanisa na miwani yao, na hadi leo hakuna aliyeweza kumwondoa pale.