Kivumbasi cha Kiembe Samaki Kinakosa Mshenga

Ndugu Mhariri,

Baada ya kukutakia afya, naomba nafasi gazetini nimtetee asiye na ulimi. Nakusudia kivumbasi, jani lile la harufu kali tunalochoma kufukuza mbu, ambalo humea lenyewe katika uwanda ulio nyuma ya nyumba yangu.

Mwenye akili anajua kwamba hapana posa bila mshenga. Mshenga wa maua ni nyuki: huchukua unga wa ua hili akaupeleka kwa lile, na mbegu ikapatikana kwa njia ya halali. Sasa sikiliza dhuluma.

1. Jirani yangu Masoud kila mwaka anasogeza muhogo wake. Uwanda uliobaki hauzidi mikeka miwili, na humo kimesalia kivumbasi kimoja tu. Najua wasomaji wengi wameoa mabinti ammi zao, nami ni mmoja wao. Lakini hata sisi hatukuoa nafsi zetu.

2. Wachumaji huvunja matawi yakiwa na maua. Huko ni kumtoa biarusi chumbani ukamfanya kuni.

3. Nilipomkabili Masoud barazani, alinijibu mbele ya watu: "Sheikh Abrahman, nenda kayaozeshe hayo majani yako, nasi utualike pilau." Watu walicheka. Kivumbasi hiki kikifa bila mbegu, wajukuu wetu watarithi jina tu.

Kwa hiyo naiomba Serikali mambo matatu. Kwanza, kwa kuwa kivumbasi cha karibu nilichokiona kiko Bububu, uachwe ukanda wa majani kutoka huko hadi hapa, upite katikati ya mji, na wenye maduka wastahamili. Pili, ndege zisitue asubuhi katika kiwanja chetu hapa, washenga wakiwa njiani. Tatu, Kiembe Samaki nzima ikatazwe kuchoma kivumbasi mpaka mbegu zikomae. Mbu ni mtihani mdogo kwa mwenye imani.

Nisalimie wote ofisini, hata yule anayezikata barua zangu kila zinapofika penye ukweli.

Ni mimi, nisiyenyamaza,
Abrahman Mcha
Kiembe Samaki, Machi 1954

Tanbihi: Magharibi imeingia nikiandika, na mbu wa leo hawana mfano. Nilikwenda kwa Masoud kuomba tawi moja katika aliyoyachuma. Akaniapia kuwa hajapata kuchuma hata siku moja, yeye analala chandaruani. Basi kivumbasi chetu kinafuka moshi hapa mezani, pamoja na maua yake. Ombi la tatu naliondoa. Mengine yabaki, ila nyuki wa Bububu waarifiwe kuwa arusi imeahirishwa.