Uzinduzi wa Kituo cha Ushauri wa Kustaafu, Mafiga

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye amepata udhuru na kuwakilishwa na mimi mwenyewe. Waheshimiwa viongozi wa dini. Waheshimiwa watumishi mnaokaribia kustaafu, na ninyi mliokwisha kustaafu ila mmefuata soda. Mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa mpaka imechoka. (Kicheko.)

Nasimama hapa Mafiga, kifua mbele, kuwatangazia kwamba Kituo cha Ushauri wa Kustaafu, kilichobuniwa na ofisi yangu, chini ya uongozi wangu, kufuatia wazo langu, kimefikia asilimia tisini na nne ya mchakato. Kwa kuwa mtumishi anaruhusiwa kustaafu kwa hiari akiwa na miaka hamsini na mitano, au kungoja sitini kwa lazima, niliona ni hatari kumwachia mtu uamuzi mzito namna hiyo bila upembuzi yakinifu, kikosi kazi, semina elekezi mbili Dodoma na ziara ya mafunzo Zanzibar. (Makofi, hasa meza kuu.) Ndiyo maana nikatoa waraka: asijaze mtu fomu ya hiari kabla kituo hakijamshauri!

Naona mkono. Ni Mwalimu Theresia, anafundisha hapa hapa mjini. Shikamoo, mwalimu.

("Marahaba, baba. Waraka wako ulinikuta na miaka hamsini na mitano, nataka kurudi kwetu Mgeta nikalime njegere, magoti yakiwa bado yanapanda mlima. Nikangoja ushauri. Jana nimetimiza sitini, na magoti hayapandi tena.")

Mmesikia? Hayo ndiyo mafanikio! Mwalimu amefikia uamuzi bila kukurupuka, bila msongo wa mawazo, bila hata kugusa fomu. Huyu ndiye mnufaika wetu wa kwanza, mpigieni makofi! (Anapiga mmoja, katibu muhtasi wa msemaji.) Suala la magoti, mwalimu, tutaliingiza awamu ya pili.

Kustaafu kwa wakati! (Sauti: "Wakati gani?") Ushauri kwanza! (Sauti: "Soda kwanza!")

Kwa kuhitimisha, namshukuru Mzee Alois kwa kutuazima bustani yake ya mchicha kila mwaka kwa ajili ya uzinduzi huu, maana kituo chenyewe bado hakijapata kiwanja, wala mshauri. Na kwa namna ya pekee namshukuru Mwalimu Theresia, aliyekingoja miaka yote mitano.