Gari Lisilopenda Asubuhi

Jumapili, 11 Julai 1971. Karatina.

Nimeteuliwa! Bibi harusi atapanda gari langu!

Kamati ya harusi ilikaa baada ya ibada. Ndungu, mtoto wa dada yangu, anaoa Jumamosi. Msichana ni Wachuka, wa huko mbele ya Kutus. Theuri wa duka la vitambaa alisimama akasema ana gari jipya la buluu. Gicheru, shemeji yangu na baba wa bwana harusi, akamjibu kwamba jipya si mjomba. Watu walicheka! Theuri alikaa chini kama gunia.

Sharti moja tu. Jumamosi alfajiri gari langu liwake lenyewe, bila kusukumwa. Likikataa, Wachuka atapanda la Theuri, nami nitasafiri kwenye lori pamoja na masufuria.

Theuri akauliza kama wanakwaya waambiwe waje na viatu vya kazi. Mtu mwovu. Ni kweli kwamba leo asubuhi kwaya ndiyo iliyonisukuma mpaka kanisani, wakiwa na majoho. Lakini ni sauti ya pili tu. Ya kwanza waliimba.

Jioni Gaceri, mke wangu, amerudia wimbo wake: "Baba Peris, vuta choki." Choki ni kile kishikio kidogo kilicho kando ya usukani. Ukikivuta, injini hupata hewa kidogo na petroli nyingi. Mzungu aliyeniuzia gari alinieleza hivyo kwa kinywa chake. Petroli nyingi! Siku hiyo hiyo nilikifunga kwa kamba ya katani, na hakijavutwa tangu hapo. Mwizi hafunguliwi kwa sababu ya baridi.

Jumatatu, 12 Julai.

Uchunguzi umeanza. Nimepeleka gari kwa fundi Thuranira. Nimelipeleka kwa mteremko. Sisi tulio na magari ya zamani hatuegeshi mahali tambarare.

Nilimwambia ni betri. Akasema betri ni nzima, injini inazunguka kama cherehani. Nikasema basi ni plagi. Akazitoa moja moja, akanionyesha cheche, buluu safi. Nikasema labda petroli ina maji. Akanusa, akatikisa kichwa. Ndipo akaona kamba ya katani. Alicheka mpaka akashika mlango. Akasema Julai hii ya ukungu hata yeye haamki bila chai, sembuse injini. Nivute choki asubuhi, niirudishe ikipata joto, basi.

Nimeelewa yote. Thuranira hununua vitambaa vya mkewe kwa Theuri.

Jumanne, 13 Julai.

Nimepata! Ni baridi!

Fundi mwenyewe alisema injini inataka joto. Hakusema joto la wapi. Alfajiri nimeweka jiko la makaa chini ya injini, juu nikafunika boneti kwa gunia la kahawa. Wazo zuri kabisa. Gunia liliposhika moto, wazo lilibaki zuri ila moshi ukawa mwingi. Majirani walikuja wakipiga kelele. Gaceri alikuwa na sufuria ya uji mkononi, akaumwaga wote kwenye injini.

Gari halikuwaka. Saa nne jua lilipotoka, likawaka! Mara moja! Nilimwita Gaceri aje aone kazi ya uji. Akasema ni jua. Nikasema jua limekuwepo siku zote, uji ni wa leo.

Jumatano, 14 Julai.

Si uji.

Alhamisi, 15 Julai.

Sikulala kwa furaha. Siri iko mkononi!

Nimelitazama gari hili kwa utulivu, kama daktari. Asubuhi linakataa. Mchana, likishapata moto, nazima, nawasha, linawaka. Nazima tena, nawasha, linawaka! Kwa hiyo kuwaka halina shida nako. Linajua kuwaka. Shida ni kuzimwa na kuachwa lipoe. Ugonjwa ni kuzimwa!

Sasa dawa ni rahisi. Ijumaa jioni nitaliwasha likiwa moto. Halafu silizimi mpaka Wachuka awe mke wa mtu.

Nimemweleza Gaceri. Ameniuliza nani atalala na injini ikinguruma chini ya dirisha. Nimemwambia wakubwa wote duniani hulala na kelele.

Ijumaa, 16 Julai.

Gari limeoshwa. Utepe mweupe na wa waridi. Theuri alipita, akauliza kwa sauti ya kanisani kama nimeshachagua nafasi yangu kwenye lori, kwa sababu karibu na sufuria kubwa kuna joto. Nilitabasamu tu. Hajui!

Jioni nimetia petroli ya kunguruma usiku, ya kwenda na ya kurudi. Tone lisizidi. Gari la harusi likirudi na petroli, watu huanza kuliazima.

Injini inanguruma ninapoandika. Tamu kama mvua ya kahawa.

Jumamosi, 17 Julai.

Alfajiri Gicheru alifika kushuhudia. Gari lilikuwa tayari linanguruma! Alilizunguka, akasikiliza, akasema kweli mjomba ni mjomba. Theuri alitazama pembeni. Saa tamu ya maisha yangu!

Tulifika kwao Wachuka mapema. Lango limefungwa, kama desturi. Wanawake wa kwao ndani, wetu nje. Wa ndani wanaimba wakiuliza sisi ni nani na tumeleta nini, wetu wanajibu kwa wimbo. Kila mtu Mlima Kenya anajua lango la bibi harusi halifunguliwi kwa wimbo mmoja. Mimi pia najua. Sikuliweka kwenye hesabu ya petroli.

Shangazi wa bibi harusi, Wakonyo, ndiye aliyeshika ufunguo. Akasema sauti zetu ni za watu wenye njaa, turudie. Tukarudia. Akasema anasikia mngurumo, tumekuja kuoa au kusaga mahindi? Wote wakanigeukia. Theuri alikuwa amezima lake, amelala na kofia usoni. Nami nimekaa ndani, mguu kwenye mafuta, siwezi hata kushuka nicheze.

Jua lilipanda. Lango likafunguka. Wachuka akatoka, mweupe kama ua la kahawa, akakaa nyuma yangu. Dada yangu Watiri, aliyekaa kando yangu, alilia kwa fahari. Nilipiga honi mpaka Kutus.

Kutus, mbele ya soko, gari lilikohoa mara mbili, likanyamaza.

Wachuka akauliza taratibu, "Mjomba, imelala?" Nikamwambia inapumua. Mama mmoja wa nyanya akauliza kama mnauza hiyo gari na bibi harusi ndani ama ni bei mbalimbali. Soko zima! Theuri akafika, akafungua mlango wake, akainama kama mhudumu wa hoteli. Wachuka akahama na shela yake yote. Watiri akahama pia, bila kunitazama. Kabla ya kuondoka Theuri alivuta choki yake hadharani, kunichokoza tu, bila haya, na lake likawaka papo hapo.

Mimi nilipandishwa kwenye lori. Karibu na sufuria kubwa kweli kuna joto.

Jumatatu, 19 Julai.

Gari lilirudi Jumamosi jioni, baada ya kutiwa petroli. Leo alfajiri, kukiwa na ukungu mzito, Gaceri alikata kamba ya katani kwa kisu cha mboga, akavuta choki, akawasha. Likawaka mara ya kwanza. Akanitazama tu, akaingia jikoni.

Nimefikiri sana. Limewaka kwa sababu Jumapili lilipumzika. Lakini nilisikia harufu ya petroli, nyingi! Hapo ndipo nikaelewa Kutus. Mwizi hakufungwa vizuri! Petroli yote ya lango alikunywa yeye!

Nimeing'oa choki, waya na kishikio, nimeitupa chooni. Kisha nimemwendea Gicheru kumwambia ugonjwa umepatikana, na kwamba mdogo wake Ndungu akioa Desemba, mjomba yuko tayari. Aliingia ndani akafunga mlango. Furaha nyingine hutaka faragha.

Tangu mchana nimejaribu kuliwasha. Bado. Lakini mshale wa petroli haujashuka hata unywele!