Kikopo cha Shomari

Jumatatu, 2 Machi 1953
Mvua kidogo. Jioni Bwana Afya Leonardi kaja hapa Temeke na wanafunzi watatu wa uganga kutoka hospitali kubwa ya mjini. Wametundika picha ya mnyoo wa safura, mnene kama chatu. Wanawake wakapiga yowe. Leonardi kaeleza kwamba mnyoo huingilia nyayoni, hunyonya damu taratibu, na dawa ipo.

Kisha jambo la maana: mtaa utapata Msaidizi wa Afya. Kofia ya kaki! Sharti choo chake kipimwe, kionekane hakina minyoo. Sultan mwenye duka akanyoosha mkono kabla yangu. Mimi nikanyoosha miwili.

Mke wangu Avelina anasema kofia haitanipendeza. Wivu.

Jumanne, 3 Machi
Nimepewa kikopo chenye kifuniko, kimeandikwa: Gozbert, karani. Tumbo langu silitumaini. Tangu Januari linanguruma.

Nimepata njia. Shomari, jirani yangu, hamali wa bandarini, hubeba magunia mawili kwa mpigo. Jana alikuwa kazini, hakuandikishwa. Nikamwomba anijazie. Kanitazama sana. Kauliza kama sisi watu wa Bukoba sote tuko hivi. Nikajibu ni siri ya serikali. Akacheka, akakichukua. Jirani mwema!

Alhamisi, 5 Machi
Balaa. Leonardi kaniita pembeni, lakini sauti yake imezoea mikutano. Safura tele! Damu lazima imepungua mno! Anashangaa nasimamaje. Kesho ninywe dawa mbele yake.

Sultan hana hata mnyoo mmoja. Kaniletea makubadhi makuukuu, eti nisikanyage tena udongo.

Nikamsimulia Avelina kisa chote. Akasema, “Basi mgonjwa ni Shomari.”

Nikasema atapimwa siku yake ikifika. Avelina akanyamaza. Kunyamaza kwake kunachosha.

Ijumaa, 6 Machi
Nimekunywa dawa isiyo yangu. Chungu! Baadaye haluli, ya kuharisha. Sitaandika zaidi.

Mchana wenzake Shomari wamemleta nyumbani wamembeba. Kaanguka bandarini, gunia mgongoni. Nimemtazama viganja: vyeupe kama karatasi. Mkewe Hamisa anasema huu mwezi wa pili anahema akipanda ngazi tu, akificha asije akaachishwa kazi. Nami jana nilijua. Nilijua, nikalala.

Nikaisahau kofia. Nikatoka mbio na mvua hadi Chang’ombe, Leonardi alikokuwa akifundisha. Tumbo la haluli na mbio! Mbele ya watu wote nikamwambia, “Bwana, kile kikopo si changu. Ni cha Shomari, na sasa hawezi kusimama.”

Leonardi akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Akasema, “Bwana Gozbert, haya mengine tutaongea. Nionyeshe nyumba.”

Gari la hospitali likamchukua Shomari kabla ya magharibi. Hamisa alipanda naye. Kunishukuru hakunishukuru, wala sikungoja.

Alhamisi, 12 Machi
Nimekwenda wodini. Shomari kakaa kitandani, anakunywa uji, midomo imeanza kurudi rangi. Mganga kamwambia wiki moja zaidi ingekuwa habari nyingine. Kila anayepita, Shomari anamwambia kwamba jirani yake huyu aligundua ugonjwa kabla ya yeye mwenyewe. Nikakanusha kidogo. Si sana.

Njiani Avelina kanishika mkono. Kanyamaza tena, na kunyamaza huku hakukuchosha.

Kofia kapata Sultan. Leo amekagua choo chetu mara mbili.

Ijumaa, 13 Machi
Leonardi karudi. Mtaa ni mkubwa, anataka Msaidizi wa pili! Wiki ijayo wanapima mkojo, wanatafuta kichocho. Kanikazia macho, kasema kila mtu alete wake. Nikaitikia kwa moyo mmoja, nikapokea kikopo.

Mwinshehe, fundi cherehani wa nyumba ya pili, anaonekana mzima kweli kweli. Hakohoi, halalamiki, anaimba tangu asubuhi. Kesho nitampitia mapema, nimjulie hali.