Folda Zijiunde Zenyewe

Jumatatu, 1 Juni 1998
Baridi ya Njombe imenigandisha vidole, lakini lazima niandike. Habari kubwa! Mwalimu Methusela atachagua msimamizi wa chumba cha kompyuta Jumatatu ijayo. Msimamizi atakaa na ufunguo. Ufunguo! Kompyuta ni moja, wasichana tisini, kila mmoja dakika kumi kwa wiki. Mwenye ufunguo ataketi nayo kila jioni. Nautaka kuliko pilau ya Krismasi.

Mpinzani ni Rehana. Baba yake ana malori Makambako, na ofisini kwake kuna kompyuta na printa. Rehana anachapa bila kuangalia vidole. Leo kaniambia, "Fidelia shoga, wewe ukipata ufunguo, mimi nitakuwa Mkuu wa shule." Darasa zima likacheka.

Jumanne, 2 Juni
Mtoto wa kidato cha kwanza amelia sana. Alimaliza insha, akataka kuihifadhi kwenye folda ya Insha. Folda hiyo haikuwepo kwenye disketi. Programu ya kuandikia ikagoma. Akaogopa, akazima kompyuta. Insha kwaheri!

Nimewaza hadi kengele ya chakula. Kama folda haipo, kwa nini programu isiiunde tu? Mama akikosa bakuli hamwagi mboga chini. Kitabu cha maelekezo kinasema programu hii inakubali kuongezewa maagizo. Ufunguo nauona!

Alhamisi, 4 Juni
Nimeweza! Mara ya sita, lakini nimeweza! Kwa majaribio nilitumia disketi ya nyimbo za kwaya, kwa kuwa yangu imepinda. Nimehifadhi wimbo kwenye Kwaya, ndani yake Besi, ndani yake Wenye Kikohozi. Hakuna hata folda moja iliyokuwepo. Zote tatu zimejiunda, kimya kimya. Mwalimu Methusela, ambaye ndiye pia mwalimu wa kwaya, amepiga makofi.

Rehana ameuliza swali moja tu: sasa mtu akikosea disketi, atajuaje? Nimemjibu kwamba huo ni wivu.

Ijumaa, 5 Juni
Siku njema! Mkuu wa shule, Mama Priska, amekuja mwenyewe kuchapa mtihani wetu wa Baiolojia. Ameniuliza kama disketi imo. Nikainama, nikaiona, nikajibu kwa sauti ya msimamizi, "Imo, Mkuu!" Amechapa, amehifadhi kwenye folda ya Mitihani, mashine haikugoma. Amesema leo imemtii. Akaniita mwanangu. Mwanangu!

Ametoka haraka kikaoni. Disketi kaiacha humo humo.

Jumapili, 7 Juni
Tumeimba Makambako. Siwezi kuandika. Naandika.

Printa ya shule imekauka utepe. Kwa hiyo jana Mwalimu Methusela alichomoa disketi yake ya kwaya kwenye kompyuta, akaituma kwa baba yake Rehana. Maagizo: chapa kila kilichomo, toa nakala sitini. Karani wa ofisi hiyo ni mtiifu. Alichapa kila kilichomo.

Waumini waligawiwa karatasi mlangoni. Ukurasa wa kwanza, wimbo. Wa pili, wimbo. Wa tatu: eleza maisha ya minyoo ya tegu tumboni mwa binadamu, alama ishirini. Besi walikwisha kuvuta pumzi. Baada ya ibada mzee mmoja, mwenye bucha, alimletea Mwalimu majibu yake kwa kalamu. Alisema tegu anawafahamu vizuri, ila swali la nne limemshinda.

Jumatatu, 8 Juni
Nimejipeleka kwa Mkuu mwenyewe. Nimekiri kwamba disketi niliyoiona Ijumaa ilikuwa ya kwaya. Mkuu akashangaa. Siku zote akikosea disketi kompyuta hugoma, maana folda ya Mitihani iko kwenye disketi yake tu. Kwa nini safari hii haikugoma? Nikamweleza uvumbuzi wangu. Akasema atatunga mtihani mwingine, mgumu zaidi, na mimi nitawaeleza wenzangu ni kwa sababu ya nani.

Saa nane Mwalimu Methusela amempa Rehana ufunguo. Nimempigia makofi, maana nimelelewa. Rehana amenivuta pembeni. "Usinune, bibie. Njoo jioni, nitakufungulia. Ila ukigusa kitu uniambie kwanza." Nimelia kidogo, machozi ya furaha nusu.

Jumanne, 9 Juni
Nimeketi kwenye kompyuta saa nzima! Rehana alikuwa akisoma, sikutaka kumsumbua.

Nimegundua udhaifu mwingine. Ukitaka kufuta faili, mashine inauliza kama una hakika. Ukijibu, inauliza tena. Mtu mzima anaulizwa mara mbili kama mtoto! Nimeongeza maagizo machache, na sasa inajijibu yenyewe ndiyo. Haraka ajabu! Kesho asubuhi Mkuu anakuja kupunguza faili za zamani kwenye disketi yake ya Mitihani. Sijamwambia lolote. Nataka afurahi mwenyewe.