Karanga za Uchumba

Jumatatu, 3 Machi

…na masufuria pia, nilisahau kuyataja! Yanang'aa mpaka najiona ndani yake nikitabasamu. Chini ya sinki, pale bomba linapoingia ukutani, nilikuta waya wa kusugulia umeshindiliwa kwenye tundu. Mpya kabisa! Nikauchomoa, nikasugua. Mume wangu akirudi aone mke aliyempata.

Kazi yake ni kuzuia panya madukani na majumbani mwa watu. Wengine hucheka. Lakini ni wangapi wameolewa na mtu anayeweza kulala kifudifudi chini ya kabati, akanusa, akasema, "Wamepita hapa"? Ah, mume wangu!

Jumanne, 4 Machi

Nimesikia mkwaruzo. Mchana kweupe! Nyuma ya ndoo ya unga, mavi ya panya. Panya, nyumbani kwa mfukuza panya! Na Jumamosi anakuja mzee mwenye kiwanda cha mikate kututakia heri ya ndoa. Anatafuta mtu wa kulinda ghala lake la unga. Mume wangu akiipata kazi hiyo, ataacha kuzunguka mlango kwa mlango. Mzee akimwona panya hapa, kwisha habari yetu.

Nimeamua: mume wangu asijue. Aibu yake nitaibeba peke yangu. Hayo ndiyo mapenzi.

Nikampigia mama mkwe, kwa kuzungukazunguka. Nikasema kuna rafiki yangu ana panya, afanyeje? Akasema huyo rafiki atazame ameficha nini cha kula, maana panya hafuati sura ya mtu, anafuata tumbo lake. Akaongeza, "Na umsalimie sana huyo rafiki yako, mwanangu." Kwake hajawahi kuingia panya. Hilo hulitaja kila tukiongea. Mimi sifichi chakula chochote! Unga una mfuniko.

Alhamisi, 6 Machi

Nimeazima paka wa jirani, yule mshona nguo wa mlango wa pili. Alinionya: "Mchukue, bibi harusi, ila huyo hula samaki tu, tena awe ametolewa miiba."

Paka aliingia moja kwa moja chini ya kitanda. Akakaa anakodolea macho boksi langu la viatu, mkia ukicheza. Hata wanyama huyatambua mapenzi! Maana ndani ya boksi mna karanga. Kila alipokuja kunichumbia, mume wangu aliniletea karanga za kukaanga zilizofungwa kwenye karatasi. Sikuzila. Ningezilaje? Nilizitunza, furushi baada ya furushi. Hajui. Tukizeeka, siku moja nitamfungulia.

Boksi limetoboka pembeni. Siku hizi hawatengenezi vitu imara.

Nimerudisha paka. Jirani akauliza amekamata nini. Nikamjibu: usingizi.

Ijumaa, 7 Machi

Nimechukua ubao wa gundi kwenye mkoba wa mume wangu. Aliwahi kunieleza kwamba kutega bila kuziba tundu ni sawa na kudeki huku bomba liko wazi. Anavyoongea! Nilisikiliza sauti, maneno yakapita. Nimeutega kando ya ukuta, chini ya kiti cha wageni. Hakuna atakayeuona.

Jumamosi, 8 Machi

Mzee wa mikate hakuuona.

Alisimama kuniaga, mguu mmoja ukakataa. Akavuta. Kiatu kikabaki, soksi ikatoka. Kisha mzee akamgeukia mume wangu: "Fundi, kwako wageni ndio hunaswa kwanza?"

Mume wangu angeweza kusema lolote. Akasema ubao huo ni wake, na kama umetegwa basi panya yupo, na tumtafute. Akachukua tochi, akapiga magoti mbele ya mgeni. Akafuata mavi ukutani, chumbani, hadi chini ya kitanda. Akalivuta boksi langu.

Maganda. Karatasi zimechanwachanwa zikawa kiota. Nikalia, nikaeleza yote. Mume wangu akakaa sakafuni, ameshika karatasi moja. Akasema polepole, "Nilikuletea ule, mke wangu. Usipokula wewe, atakula mwingine."

Ndipo akauliza kuhusu ule waya alioziba nao tundu chini ya sinki. Nikamwonyesha masufuria. Akayatazama. Akakiri kuwa yanang'aa.

Nikajua kazi imeponyoka. Lakini mzee akasema wote waliomwomba kazi wameapa kwao hakuna hata mende. Huyu peke yake ameinama akatafuta, mgeni akiwa na soksi moja. Hata hivyo, hatoi kazi kwa huruma. Atarudi siku ya mwisho ya mwezi. Akikuta hata alama ya panya, basi. Akikuta pasafi, ghala ni la mume wangu.

Akaondoka na kiatu kimoja na ndala yetu moja.

Jumapili, 9 Machi

Nimewaza sana leo. Kweli mapenzi si ya kufungia kwenye boksi. Huliwa yakiwa ya moto, mkono kwa mkono. Nimeelewa kabisa.

Mume wangu ameziba tundu upya, waya ndani, saruji juu. Ilipokuwa bado mbichi nikachora moyo kwa kidole, na mshale katikati. Kwenye mshale kidole kilizama, kikatoboa hadi upande wa pili. Mapenzi yetu yanapumua!

Jioni akaniletea karanga. Tumekula pamoja, tukicheka. Zangu nimekula nusu. Nusu nyingine nimeiweka kwenye boksi jipya. Ni za kwanza tangu tuoane, jamani! Zitaliwaje zote?

Ila hapa hazitakaa, mzee asije akazikuta. Nimepata pa kuziweka: nyumba isiyojua panya, na chini ya kitanda ni pakavu. Mama mkwe hulalamika kwamba simtembelei. Atafurahi. Kabla mwezi haujaisha, nitakwenda kumwona.