Kifungu cha Saba cha Kanuni za Bwawa

Jumatatu, tarehe tisa Juni, mwaka 2025, watoto wa Juba walitangaziwa kwamba tatizo la kutojua kuogelea limekwisha. Lilimalizwa saa nne asubuhi, kwa hotuba. Mheshimiwa Swaka, Mkurugenzi wa Kurugenzi mpya ya Mbinu Bora za Kuogelea na Ugawanaji wa Mabwawa, alikata utepe wa bwawa, akapigiwa makofi, akaenda kunywa chai.

Nilikuwapo kama katibu. Nilipata cheo hicho kwa sifa moja: kati ya wazazi wote wa mtaa wetu wa Juba Na Bari waliofika, ni mimi peke yangu niliyejua kuandika. Nilijifunza ukubwani, katika darasa la akina mama la Mwalimu Josline pale Hai Cinema, na Mwalimu alitufundisha kuliheshimu neno lililoandikwa. Wenzangu ambao bado hutia kidole gumba badala ya sahihi waliambiwa wasubiri nje ya geti.

"Hapa ni mahali pa kalamu," alisema Mheshimiwa. "Hatuwezi kuchafua karatasi za ofisi kwa vidole."

Hatukuja kutafuta vyeo. Mwaka uliotangulia mto ulichukua watoto watatu wa mtaa wetu walipokwenda kuteka maji. Binti yangu Kiden ana miaka tisa, na huteka maji palepale. Bwawa hilo lilijengwa na wafadhili kwa ajili ya masomo ya watoto, nami nilitaka jambo moja tu: Kiden ajue kuogelea kabla mto haujajaa mwezi wa nane.

Kurugenzi ilianza kwa kugawa bwawa kwa haki. Maji ya bwawa letu huletwa na lori la tangi kila Jumatano, na Jumapili jioni, yakiwa yamechafuka, humwagwa. Ratiba, niliyoiandika kwa mkono wangu, iliwapa maofisa siku za Jumatano hadi Jumapili kwa ajili ya tathmini ya kina. Watoto walipewa Jumatatu na Jumanne.

Norah, Mganda anayeuza chapati sokoni Custom, ambaye binti yake Shallon ni rafiki wa Kiden, alipaza sauti kutoka getini.

"Ssebo, bwana mkubwa, lakini Jumatatu bwawa iko kavu!"

"Mama, tunagawana bwawa, hatugawani maji," alijibu Mheshimiwa. "Maji yana utaratibu wake."

"Sasa mtoto yangu ataogelea ndani ya nini? Vumbi?"

"Ataogelea kwa mbinu."

Norah akanigeukia. "Mama Kiden, andika hiyo. Siku moja mtu anisomee, nicheke vizuri."

Niliandika.

Tathmini ya kina nayo ilifanyika kwa bidii. Maofisa walikaa kivulini wakinywa soda. Mimi nikashuka majini na ufito. Upande wa ngazi, sentimita tisini. Niliingiza kipimo hicho katika ripoti, ripoti ikapigwa mhuri, na kwa kuwa ilikuwa na mhuri hakuna aliyeona haja ya kuisoma.

Ndipo masomo yakaanza. Mabenchi kumi na mawili yalishushwa ndani ya bwawa kavu. Watoto walilala kifudifudi juu yake wakipiga hewa mateke, huku Naibu Mkurugenzi, Bwana Wol, akipita katikati yao na mwavuli na rula, akipima unyoofu wa vidole vya miguu. Kiden alipata alama tisini na sita kwa kupumua pembeni. Alisifiwa pia kwa kutorusha maji. Kwa wiki sita za kuogelea hakuwa ameloa hata unywele.

"Mama," aliniuliza tukirudi nyumbani, "maji yenyewe yanakuja lini?"

"Baada ya cheti."

"Na cheti?"

"Baada ya sahihi ya Mkurugenzi."

"Na mto unajua hivyo?"

Mto haukuwa umepelekewa nakala.

Kanuni ziliandikwa ishirini. Mheshimiwa alijivunia zaidi kifungu cha saba, alichokitunga mwenyewe: Mtu yeyote aliye majini hatavutwa, hatapewa mkono, wala hataokolewa, ila kwa kibali cha maandishi kilichotiwa sahihi na Mkurugenzi. Nilimuuliza kwa adabu kama mtu anayezama huwa na nafasi ya kusubiri.

"Mama Kiden, pasipo kibali kila mtu ataokoa kila mtu," alisema. "Itakuwa vurugu."

Jumamosi, tarehe ishirini na sita Julai, wageni walikuja kuona mafanikio. Bwawa lilikuwa limejaa, kwa maana wageni wa heshima hawaonyeshwi vigae. Watoto walilazwa juu ya mabenchi yao ukingoni, wakavu, tayari kwa maonyesho. Mheshimiwa Swaka alivaa suti ya kijivu, na miwani ya kuogelea juu ya paji la uso. Alieleza jinsi mkono wa kulia unavyofuatana na kiuno. Akageuza bega ili wageni waelewe, kiatu kikanasa kwenye mguu wa benchi, akaingia majini na karatasi zake.

Alianguka upande wa ngazi. Alikunja miguu, akashika kamba iliyokatiza bwawa, akameza maji, akapiga kelele. Bwana Wol alikimbia ukingoni, akanyoosha mkono, akakumbuka, akaurudisha.

"Katibu! Kifungu cha saba kinasemaje?"

Nilifungua faili nikakisoma chote, kwa sauti, nikitua penye kila nukta kama Mwalimu Josline alivyotufundisha. Sikuwa na haraka. Kina cha upande ule nilikuwa nimekiandika mwenyewe.

"Nivute, wewe! Nakufa!"

"Mheshimiwa, kibali kinahitaji sahihi yako."

"Futa hicho kifungu!"

"Kufuta kunahitaji azimio la Kurugenzi."

"Basi azimio! Futa kanuni zote! Futa ratiba! Wapeni watoto siku za maji, wapeni kila kitu!"

"Nani anaunga mkono?"

"Mimi!" Bwana Wol aliinua mikono yote miwili.

"Hata sisi wa nje tunaunga!" alisema Norah kutoka getini. "Ssebo, kunywa polepole, iko mingi!"

Niliandika azimio. Nilipiga magoti nikampa Mheshimiwa kalamu. Kalamu ilimteleza, ikazama.

"Mupe wino, nyabo!" Norah akaniita. "Atie kidole kama sisi!"

Kidau cha wino wa mhuri kilikuwa mkobani mwangu. Hivyo Mheshimiwa Swaka, mwenye shahada mbili, alitia kidole gumba cha zambarau chini ya azimio, na karatasi ya ofisi haikulalamika.

Kiden alishuka kutoka benchi lake. Alikuwa na ruhusa sasa. Alishuka ngazi moja moja, maji yakamfika kifuani, yakiwa ndiyo maji ya kwanza ya masomo yake. Akamwendea Mheshimiwa kwa miguu, akamgusa mkono wa koti.

"Kalas, yatosha, mzee," akamwambia. "Simama tu."

Akasimama. Maji yalimfika kwenye mkanda.

Wageni hawakucheka, kwa sababu ya vyeo vyao. Wanawake wa getini hawakuwa na vyeo.

Jumatatu Mheshimiwa aliniita ofisini akidai azimio ni batili, kwa kuwa kidole si sahihi. Nilimweleza kwa heshima kwamba vidole vya wenzangu havijawahi kukataliwa vilipokubali kuhama, kunyamaza au kusubiri; Kurugenzi haiwezi kuanza kuvikataa leo.

Siku hizi watoto wana bwawa Jumatano hadi Jumapili. Maofisa wamebaki na Jumatatu na Jumanne, na mabenchi tumewaachia. Bwana Wol anaendelea vizuri: vidole vyake vya miguu vimefika alama sitini. Mto umeanza kupanda, na Kiden anavuka bwawa kwa upana bila kushika kamba.

Wewe uliyesoma hadi hapa, usiikunje karatasi hii ukaiweka mfukoni. Msomee mmoja aliyeachwa nje ya geti, naye amsimulie mwingine.